Kipande cheupe mbele ya waya wa faiba

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na kuna walioniandikia kuuliza kama nimehama Nairobi au nimeoa. Hapana, ni kazi tu. Leo sitaandika kuhusu lugha za programu wala kuhusu simu mpya. Nataka kuzungumzia kitu kidogo kilichonikaa akilini tangu Jumanne ya wiki jana, halafu nitakiri kosa langu moja.

Jumanne hiyo mtandao ulikatika ofisini. Kile kisanduku ukutani kilikuwa kinawaka taa nyekundu, nasi tukakaa tukitazamana kama abiria ambao matatu yao imezimikia njiani. Nilizima ruta, nikaiwasha, nikaizima tena. Huo ndio utaalamu wote nilionao upande huo, licha ya shahada ya sayansi ya tarakilishi. Mchana akaja fundi, kijana wa rika langu. Akachomoa konekta ya kijani, akatoa kifaa kinachofanana na kalamu, akakibonyeza mara moja mbele ya konekta, akachomeka. Taa ikawa ya kijani.

"Ni vumbi tu, mkubwa," akasema.

Nikanyoosha kidole kutaka kuona kilichokuwa na vumbi. Akanizuia. "Usiguse hapo mbele. Na usichungulie. Huo mwanga huuoni lakini jicho linaupata."

Aliponiona sijaridhika akanipa konekta moja kuukuu iliyovunjika, nichezee nayo. Sasa iko mezani pangu. Ukiitazama utaona kuwa sehemu kubwa ni plastiki ya kawaida, lakini mbele kabisa kuna kijiti cheupe chenye unene wa milimita 2.5, kinachong'aa kama jino. Nilidhani nacho ni plastiki. Nikakikwaruza kwa kisu na kisu ndicho kilichoacha alama yake pale, ya rangi ya chuma. Kile kijiti ni kauri. Mafundi wanakiita feruli, na kauri yenyewe inaitwa zirkonia.

Katikati ya feruli kuna tundu, na ndani ya tundu hilo unapita uzi wa kioo wenye unene wa maikromita 125. Maikromita ni milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Lakini mwanga hausafiri katika unene wote huo. Unasafiri katika kiini chenye upana wa maikromita 9 hivi, chembamba kuliko unywele wako mara kadhaa. Unapounganisha nyaya mbili za faiba, kiini cha huku lazima kitazamane na kiini cha kule. Vikipishana kwa maikromita 1 tu, unapoteza mwanga kidogo, si wa kukusumbua. Vikipishana kwa nusu ya upana wa kiini, zaidi ya nusu ya mwanga umekwenda. Punje ya vumbi usiyoiona kwa macho ikikaa juu ya kiini, ofisi ya watu 11 inakaa bila mtandao hadi mchana.

Sasa fikiria: kitu kinachohakikisha viini hivyo vinatazamana ni hicho kijiti cha kauri, ambacho kinatengenezwa kwa mamilioni na kuuzwa kwa bei ya senti za dola. Hakina betri, hakina programu ndani yake. Kinafanya kazi kwa sababu tundu lake liko katikati kabisa.

Nilikesha usiku mbili nikisoma jinsi kinavyotengenezwa na naomba mnivumilie niwasimulie, kwa kuwa sijasoma kitu kizuri hivi siku nyingi.

Unaanza na unga mwembamba wa zirkonia uliotiwa itria kidogo. Unauchanganya na plastiki ili uweze kutiririka ukiwa moto, kisha unausukuma kwa shinikizo ndani ya kalibu yenye sindano nyembamba katikati. Sindano hiyo ndiyo inayoacha tundu. Unapata kijiti laini kisicho na nguvu, kama chaki. Ndipo unakitia kwenye tanuri. Kwanza unakipasha polepole ili plastiki iondoke bila kukipasua, halafu unapandisha joto kupita digrii 1,300 za Selsiasi hadi chembe za unga zishikamane. Na hapa ndipo penye kasheshe, kwa sababu kijiti kinanywea. Kinapoteza karibu moja ya tano ya urefu wake, na ya unene, na tundu linanywea pamoja nacho. Ina maana yule aliyechonga kalibu alichonga kitu chenye vipimo visivyo sahihi kwa makusudi, akitegemea kwamba moto utavisahihisha. Hebu wewe mwandishi wa programu jaribu kuandika kazi ambayo namba zake zote zitapunguzwa kwa moja ya tano baada ya kukabidhiwa mteja, na zote zipungue sawasawa, la sivyo mteja hakulipi.

Baada ya moto bado kuna kunoa. Tundu linasuguliwa kwa waya mwembamba uliopakwa unga wa almasi, kisha sehemu ya nje inasagwa kwa kufuata tundu, ili vyote viwe na kitovu kimoja. Mwishowe uzi wa kioo unagundishwa ndani na uso wa mbele unang'arishwa. Zile konekta za kijani zinang'arishwa kwa mshazari wa digrii 8, ili mwanga unaorudishwa na uso uende pembeni badala ya kurudi ulikotoka. Ndiyo maana ya ile rangi. Nimeziona konekta hizo miaka mingi na sikuwahi kuuliza kwa nini nyingine ni za buluu na nyingine za kijani. Nilidhani ni urembo.

Na kwa nini zirkonia, si kauri ya kikombe? Kauri nyingi zina tabia ya kikombe: ufa ukianza, unakimbia hadi mwisho na vipande viko sakafuni. Mwaka 1975 watafiti watatu wa Australia, Garvie, Hannink na Pascoe, walichapisha katika jarida la Nature makala fupi ambayo kichwa chake kiliuliza kama hii ni feleji ya kauri. Walionyesha kwamba chembe za zirkonia zinaweza kutayarishwa zikae katika umbo ambalo si lao la kawaida, kama mtego uliotegwa. Ufa unapozifikia, mtego unafyatuka: chembe zilizo kwenye ncha ya ufa zinabadili umbo na kuvimba kama asilimia 4, na kule kuvimba kunaubana ufa usiendelee. Kwa hiyo kauri inajitetea yenyewe. Ukienda leo kwa daktari wa meno akakuwekea taji jeupe, huenda ni zirkonia hiyo hiyo.

Kuhusu uzi wa kioo wenyewe nitasema machache, maana umeandikwa sana. Charles Kao, akifanya kazi Uingereza, alionyesha mwaka 1966 kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mwanga mbali. Akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mwaka huo huo mikonga ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa, na sisi tuliokuwa tukitegemea setilaiti tukaanza kuona picha zikifunguka kabla chai haijapoa. Lakini kioo kile kisingefika Mombasa kikiwa uchi. Mara tu kinapovutwa kutoka tanuri, na kabla hakijagusa kitu chochote, kinapakwa polima ya majimaji inayokaushwa papo hapo kwa mwanga wa urujuanimno, tabaka laini ndani na tabaka gumu nje, hadi unene ufike maikromita 250. Bila koti hilo la plastiki, mkwaruzo mdogo na unyevu vingetosha kukikata.

Plastiki na kauri. Zile tunazoziona kwenye karai na kikombe.

Upande wa plastiki una kisa kinachonigusa zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa Uingereza walipopigwa risasi, vifuniko vya vyumba vyao vilivyotengenezwa kwa plastiki ya akriliki vilipasuka na vipande vikawaingia machoni. Daktari wa macho aitwaye Harold Ridley akagundua jambo la ajabu: vipande hivyo vilikaa ndani ya jicho bila kulichokoza. Jicho halikupambana navyo. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, akamfanyia mgonjwa wa mtoto wa jicho upasuaji na kumtia lenzi ya akriliki mahali pa lenzi iliyoharibika. Kabla ya hapo mtu aliyeondolewa mtoto wa jicho alivaa miwani mizito kama vitako vya chupa maisha yake yote. Jaribio la kwanza lilikuwa na hitilafu, kama matoleo yote ya kwanza. Nguvu ya lenzi haikukadiriwa vizuri, na mgonjwa akabaki haoni mbali hata kidogo. Wakubwa wa taaluma walimpinga Ridley kwa miaka mingi. Malkia alimpa cheo cha Sir mwaka 2000, akafariki mwaka uliofuata.

Mnaweza kudhani hapo ndipo uvumbuzi ulipokamilika. Mimi sidhani. Miaka arobaini baadaye lenzi ile ilikuwa bado ni ya wenye pesa. Katika miaka ya 1980 lenzi moja iliyotoka nchi tajiri iliweza kugharimu zaidi ya dola 100, na huwezi kumwambia mkulima wa Tamil Nadu, au wa Makueni, alipe dola 100 kwa kipande cha plastiki kidogo kuliko punje ya hindi. Ndipo mwaka 1992 watu wa hospitali ya macho ya Aravind, mjini Madurai nchini India, wakafungua kiwanda chao, Aurolab. Hawakuvumbua lenzi. Walijifunza kuitengeneza, plastiki ile ile, usafi ule ule, usahihi ule ule, wakaiuza kwa kama dola 10, na bei ikaendelea kushuka. Leo lenzi zao zinakwenda zaidi ya nchi 100.

Nyanya yangu ana lenzi ya namna hiyo katika jicho la kulia. Alifanyiwa upasuaji akiwa tayari anatambua wajukuu kwa sauti. Kesho yake bandeji ilipotolewa alinitazama kwa muda mrefu, nikajua sasa nitasikia neno la kuliza watu. Akasema, "Mbona umekonda hivyo?" Kadi yake ya hospitali ina kibandiko kidogo chenye nguvu ya lenzi, na jina la nchi iliyoitengeneza: India. Mimi ndiye ninayemwekea kadi hiyo, na nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kujiuliza ni nani aliyesimama kwenye mashine akaichonga.

Sasa nifike kwenye kosa.

Miaka miwili iliyopita nilialikwa kuwa mwamuzi katika shindano la ubunifu la wanafunzi. Nililetewa fulana, soda na fomu ya alama. Vikundi tisa kati ya kumi vilikuwa na programu za simu, na cha kumi hakikuwa kikundi bali msichana mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekuja na mkebe wa biskuti. Ndani ya mkebe kulikuwa na lenzi. Alikuwa ameokota mabaki ya akriliki kwa watengenezaji wa mabango, akayakata, akayapasha moto, akayakandamiza katika kalibu alizochongewa na fundi wa jua kali, kisha akayang'arisha kwa mkono. Alitaka kutengeneza hadubini rahisi kwa shule za msingi. Kupitia lenzi moja niliona uzi wa fulana yangu ukiwa mnene kama kamba. Lenzi nyingine zilikuwa na ukungu.

Fomu yangu ilikuwa na kisanduku cha programu, kisanduku cha idadi ya watumiaji na kisanduku cha jinsi pesa zitakavyoingia. Nikamuuliza programu iko wapi. Akasema hakuna. Nikampa 3 kati ya 10. Mshindi alikuwa na programu ya kuagiza chapati, ambayo nilijaribu kuifungua jana na haipo tena.

Ninasema hili bila kujitetea kwa fomu, maana kalamu nilishika mimi. Tatizo letu, na ninaposema letu namaanisha sisi tunaoandika programu Nairobi, ni kwamba tumeamini uvumbuzi ni kitu kinachoanza na kuisha kwenye skrini. M-Pesa ya mwaka 2007 ilituharibu kidogo, wacha niseme. Ilikuwa nzuri mno hata tukadhani kila shida nyingine inangoja menyu yake. Wakati huo huo simu inayobeba menyu hiyo ina vihifadhi umeme vya kauri vipatavyo 1,000 vilivyopangwa kama mchanga, na fundi wa Luthuli Avenue anavijua vizuri kuliko sisi, kwa sababu yeye ndiye anayevibandua kimoja kimoja vinapokufa.

Rafiki yangu mmoja, tunayekaa naye meza moja, alinijibu hivi: "Wacha Wachina watengeneze, sisi tutumie. Kila mtu na kazi yake." Si hoja ya kijinga. Feruli ya senti kadhaa hatutaitengeneza sisi na kupata faida, na anayeniambia kesho tufungue kiwanda chake Athi River nitamshauri apumzike. Tanuri linataka umeme usiokatika. Almasi si ya bure. Lakini hoja hiyo hiyo ingeweza kutolewa Madurai kabla ya 1992, na nyanya yangu angekuwa anaendelea kunitambua kwa sauti.

Wengine husema kinachotuzuia ni hataza, kwamba wavumbuzi wa nje wamefunga milango. Kwa kiasi fulani tu. Hataza hudumu miaka 20 na hufanya kazi katika nchi ilikosajiliwa. Nyingi za zamani kuhusu polima za lenzi na kauri hizi zimekwisha muda, zipo mtandaoni, na yeyote anaweza kuzisoma bila kumwomba mtu ruhusa. Nimesoma kadhaa wiki hii. Shida yake ni nyingine. Hataza ni kama msimbo chanzo uliopewa bila Makefile. Inakuambia unga gani na joto gani, haikuambii upandishe joto kwa mwendo gani katika tanuri lako wewe, wala harufu inayokuonya kwamba plastiki inaondoka haraka mno. Hilo linajulikana na aliyeharibu vijiti elfu moja. Sisi hatuna watu wengi walioharibu vijiti elfu moja, na tukimpata mmoja tunampa 3.

Na si kwamba hatuwezi kauri. Lile jiko la makaa lenye udongo ndani, ambalo wengi wenu mmekua nalo, lilizaliwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutokana na jiko la ndoo la Thailand. Mafundi wa jua kali walilibadilisha, wakalipa kiuno chembamba, wakahangaika na udongo uliopasuka, wakaigana bila aibu hadi likaenea mijini kote. Hakuna aliyewauliza watumiaji wangapi. Najua kutoka maikromita hadi jiko ni mbali. Lakini kule kuhangaika na kitu kinachonywea na kupasuka motoni ni kule kule. Nyeri nako, ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kumeanzishwa kiwanda kidogo cha semikondakta, kwa hiyo hata usafi wa kiwango hicho si ndoto.

Sisi wa programu tuna pa kuingilia, na naona ni kwenye kupima. Kamera ya bei nafuu na programu ya kuchambua picha vinaweza kukuambia kama uso wa lenzi una mikwaruzo, kama umbo ni la duara kweli, kama kalibu ya leo imekosea kuliko ya jana. Hiyo ni kazi ya wikendi mbili kwa mtu anayejua anachofanya. Hailipi kama kutengeneza tovuti ya mbunge, nakubali.

Juzi nilimtafuta yule msichana. Alimaliza chuo, na sasa anajibu simu za wateja katika kampuni moja mjini. Nilijitambulisha na nikamwomba radhi kwa zile alama. Kukawa kimya kidogo, kisha akacheka, akasema alikuwa ameshanisahau, jambo lililoniuma kuliko angenitukana. Mkebe bado anao. Ukungu ulioziharibu zile lenzi, aliniambia, ulitoka kwenye kalibu: fundi aliing'arisha kwa msasa wa mwisho aliokuwa nao, na msasa huo haukuwa mlaini vya kutosha, lakini yeye hakuwa na njia ya kupima mikwaruzo ili ajue aanzie wapi.

Tumepanga kuonana Jumamosi saa nne asubuhi. Mimi nitabeba kamera mbili na tarakilishi yangu kuukuu. Kama kati yenu kuna anayejua mahali Nairobi panapouzwa unga wa kung'arishia wa chini ya maikromita 1, kwa kiasi kidogo, si kwa magunia, tafadhali niandikie barua pepe kabla ya Ijumaa. Yeye ameomba nisisahau kubeba na ile konekta iliyovunjika. Anataka kuuona uso wa kile kijiti cheupe.